Kidonge Nusu kwa Nusu

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani hapa Dodoma, nikakuta nyumba aliyopanga bibi yangu imevunjwa na pameota ghorofa lenye maduka. Nilisimama nikitafuta kwa macho ulipokuwa uani. Kama ulikulia nyumba za kupanga, unaujua uani wa namna ile: bomba moja, choo kimoja, na jiko la mkaa linalohamahama kufuata kivuli.

Bibi alikaa chumba cha mwisho. Mkabala naye alikaa jirani, mjane aliyetoka Bahi, aliyeuza mchele sokoni. Walipika pamoja: ugali wa uwele na mlenda uliotiwa magadi mpaka unavutika. Mimi, nikija likizo, kazi yangu ilikuwa kutwanga karanga. Wote wawili walikuwa na presha, nami nilitaka sana kujua presha ni kitu gani. "Ni damu yenye haraka," bibi alinijibu. Basi nikawa namshika mkono, nisikie kama kweli inakimbia.

Jambo jingine nililolitazama bila kulielewa ni kisu cha bibi cha jikoni. Dawa za jirani zilipokwisha, bibi alikata kidonge chake katikati: nusu yake, nusu ya mwenzake. "Chungu kimoja, dawa moja," alikuwa akisema.

Asubuhi moja jirani alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamtoka mkononi. Nilimwita, akanijibu maneno yasiyoeleweka, mdomo umekwenda upande. Bibi aliwaita wapangaji, tukampakia kwenye bajaji. Hospitalini muuguzi aliuliza mgonjwa anatumia dawa gani.

"Anameza nusu ya zangu," bibi alisema.

"Bibi, dawa haigawanywi kama ugali. Hapo hajatibiwa yeye wala wewe." Akampima na bibi, presha yake nayo ilikuwa juu.

Bibi aliinamisha kichwa. "Ningemezaje peke yangu, naye ananitazama?"

Jirani alirudi nyumbani, mkono wa kulia umelegea. Magadi yakatoka jikoni, chumvi ikapunguzwa, nami nikanung'unika kwamba mlenda umekufa ladha. Bibi alimsuka mwenzake nywele na kumfunga kanga. Kila asubuhi walikaa wakitazamana, kila mmoja na kidonge chake kizima, na hakuna aliyeinuka kabla mwenzake hajameza. Waliishi hivyo miaka mingi, mpaka bibi akatangulia.

Siku hizi mama yangu naye ana presha. Anaishi huku upande wa Mtumba, nyumba yake mwenyewe, geti lake, dawa zimejaa kabatini. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki, presha ikakutwa imepanda sana. Nikamuuliza daktari imekuwaje, maana chumvi ameacha na dawa hazijawahi kumwishia.

Daktari alimgeukia yeye. "Mama, nyumbani huwa unakula na kumeza dawa na nani?"

Mama aliniangalia mimi kwanza, kisha akatengeneza mtandio wake.

"Na redio, mwanangu."