Maji ya Ukuta

Fundi amemaliza kupiga plasta, na harufu ya simiti mbichi imejaa nyumba nzima.

Kiangazi kimoja nikiwa mtoto, baba alijenga tangi la maji ya mvua nyuma ya jikoni. Simiti isipomwagiwa maji hupasuka, kwa hivyo asubuhi na jioni tuliulowesha ukuta wake kwa maji ambayo punda wetu aliyabeba kutoka mtoni, tulikochimba mchanga kuyapata.

Jioni moja punda alikuja akalamba mdomo wa mtungi nilioushika. Maji yalibaki kidogo.

"Baba, nimpe haya?"

"Mwaga kwa ukuta. Punda atangoja kesho. Hiyo tangi ikipasuka tutakunywa nini?"

Nikamwaga. Ukuta uliyanyonya kwa sauti ndogo, kama mtu anayefyonza chai moto, na punda akiangalia.

Asubuhi tulimkuta amelala kando ya tangi, hapumui, ulimi umejaa vumbi.

Tangi halikupasuka. Mvua iliponyesha lilijaa hadi juu, na maji yake yalikuwa matamu.

"Mama, nimwagie ukuta saa hii?" fundi ananiuliza.

Nimemwambia amwage. Kisha nimetoka nje, nisiusikie ukinywa.