Siku Mama Alipovuka Matope Kwenda Kuhesabiwa

Maji yakipwa kwetu Salale, matope ya mikokoni hutoa harufu ya kaa, chumvi na majani yaliyooza, na wageni huziba pua. Mimi harufu hiyo hunichekesha, maana hunirudishia mama yangu, Binti Omari, ametapakaa tope mpaka kiunoni, kanga yake kavu kaikunja kichwani. Juzi mjukuu wangu Zuhura, anayesoma chuo, alinisomea habari za Amerika ya zamani. Chama kinaita mkutano mkuu wa kumteua mgombea urais, na kutoka jimbo moja wanafika wajumbe makundi mawili, Weusi na Weupe, kila kundi linasema ndilo halali, na Weusi wanarudishwa mlangoni. Nikamuuliza, "Walipangiwa mkutano maji yakiwa yamekupwa?" Akacheka. "Bibi, wale walikwenda kwa treni." Basi kaa, nikamwambia, nikueleze ya kwetu.

Nilikuwa na miaka kama tisa, uhuru bado, na chama kilitaka mjumbe mmoja wa kike aende mkutano wa wilaya. Ng'ambo ya kijito walikaa watu wa maduka. Walijihesabu Waarabu, ingawa bibi zao walikuwa Wandengereko kama sisi, na walisema wazi kwamba watu weusi wa matopeni hawawezi kuwasemea. Mama alitaka awe yeye wa kwenda wilayani, kwa jambo moja tu, shule. Upande wetu haikuwapo, na mimi nilishinda mpungani nafukuza ndege wakati watoto wa madukani wanasoma. Karani wa tawi, mpwa wa mwenye duka, akatangaza mkutano wa kumchagua mjumbe uwe kwao ng'ambo, saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno. Kila mtu wa delta anajua kwamba bamvua saa hiyo kijito kimekauka, na mtumbwi umekaa kama kuku anayeatamia.

Wanawake wakasimama ukingoni wakimlaani karani. Mama akasema, "Tope haling'ati. Likituvuta, tutavutana." Wakaingia kama thelathini, mimi mgongoni mwa shangazi. Katikati shangazi akaanguka nami, tukacheka mpaka tukaishiwa nguvu, kisha akaanzisha wimbo wa kupandia mpunga, na miguu ikapata mwendo.

Tulipofika uwanja wa duka, karani alikuwa anatangaza kwamba mgombea wao hana mpinzani. Alipotuona akasema, "Binti Omari, mmekuja mkutanoni au kulima? Kaogeni kwanza."

"Tutaoga ukishahesabu," mama akajibu. "Hesabu watu, baba, tope liache."

Hata mgombea wao, Bi Zuwena, mke wa mwenye duka, alificha kicheko kwenye buibui. Kura ilikuwa kujipanga nyuma ya unayemtaka. Mstari wetu ukapita duka, ukafika kisimani, halafu wapishi wawili wa Bi Zuwena wakaacha masufuria, wakaja nyuma yetu bila kumtazama mtu. Karani akahesabu mara tatu. Bi Zuwena mwenyewe akamwambia, "Acha, mwanangu, unatutia aibu. Wametushinda." Akamletea mama ndoo ya maji, na doti mpya ya kanga ya kuendea wilayani.

Mama alikwenda, akasema, na baada ya uhuru shule ya makuti ikasimama upande wetu. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaolewa, na ni kwa hayo machache niliyosoma naandika haya. Leo boti zina injini, vikao vinatangazwa kwa simu, na kwetu hakuna anayethubutu kukuuliza babu yako alikuwa wa rangi gani. Lakini mwezi uliopita Zuhura alikwenda kikao cha chama huko Bungu, akarudi kunieleza kwamba alikaa kimya kiti cha nyuma kwa kuwa wakubwa walishapanga majina ya wajumbe. Nikamwambia sina mjukuu wa kukaa nyuma. Kikao kingine ni Jumamosi. Gauni ameshapiga pasi, na tangu jana ananiuliza aanzeje. Nimemwambia aanze kwa kusimama.