Kifaru wa Dubwi la Shija

Nilimeza tokeni ya kamari mbele ya mtendaji wa mtaa, nikiwa na sare za shule, na kama unataka kucheka cheka sasa hivi umalize, maana Katoro nzima ilishamaliza zamu yake.

Dukani kwa Shija kuna dubwi, ile mashine ya kamari inayotema tokeni za shaba zenye picha za wanyama. Wenzangu walikuwa wanazirudisha mle mle, mimi nazikusanya: simba, nyati, chui, tembo, wote ninao isipokuwa kifaru. Sasa zikaja habari kwamba madubwi yatafungiwa, wengine wakasema yatahamishiwa Geita mjini, wengine wakasema ni maneno tu, Shija mwenyewe hajui, na mimi ningesubiri wakubwa waamue wakati kifaru wangu yumo ndani?

Nikatoroka kipindi cha hesabu. Nikacheza, mara ya tatu tu, kifaru huyo. Hata sijamfuta vumbi, nasikia nyuma yangu, "Shija, zima hiyo mashine, tokeni zote nazichukua mpaka ijulikane moja."

Mtendaji. Nikafanya kama wachimbaji wanavyofanya wakiokota punje ya dhahabu na msimamizi anakuja: nikaitupia mdomoni, chini ya ulimi (hapo nilijiona mjanja kweli).

Akanitazama. Akaendelea kunitazama. Anasubiri shikamoo yake, na mimi nimetulia kama gunia la pumba.

"Huyu mtoto wa nani asiyeamkia watu?"

Mama yangu anauza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ng'ambo ya barabara. Akaacha ungo, akaja. "Kulwa, huoni mtu mzima?"

Nikafungua mdomo. "Shi..." Kifaru akateleza, akashuka.

"Kameza nini?" mtendaji akauliza.

"Kifaru, mkuu," akasema Shija, msaliti yule.

"Basi akitoka namtaka."

Huku kwetu anayemeza dhahabu hupewa ndoo na mlinzi. Mlinzi wangu alikuwa mama. Siku mbili nyuma ya nyumba, wateja wa michembe wanapita kunipa pole na kuuliza kama kuna dalili. Sijutii. Sijaona sheria inayokataza mtu kumpenda kifaru. Ila siku hizi shikamoo naitoa nikiwa bado mbali, mdomo mtupu.

Siku ya pili mchana ndoo ikalia ting. Mama akachungulia, akanipa kipande cha sabuni, akasema, "Mwoshe, umpeleke kwa mtendaji kwa mikono miwili, na safari hii uamkie."