Bango la Kapteni Renante

Mtaa mzima, pale pwani ya Iloilo, Ufilipino, ulimwita Renante Gelvosa "Kapteni" kabla hajakanyaga meli. Mama yake, Nanay Luding, ndiye aliyelianzisha jina hilo. Siku kijana alipokubaliwa chuo cha ubaharia, alitundika getini bango la plastiki lenye picha ya mwanawe amevaa kofia nyeupe, na maneno: "Hongera, Nahodha Wetu Mtarajiwa."

Mzee Isko, baba yake, aliyezeekea kwenye vyumba vya injini za meli, alilitazama kwa muda.

"Chagua injini, mwanangu. Fundi wa injini akikosa meli, ataajiriwa nchi kavu, kwenye mitambo ya umeme. Nahodha akikosa meli ataendesha nini? Nyati wa kulimia mpunga?"

"Baba, na mimi nije ninuke dizeli kama wewe?"

Bango lilikwisha kuonekana na watu.

Renante akasoma unahodha, akamaliza masomo ya darasani. Lakini shahada haitolewi, wala mtihani wa leseni haufanywi, bila kwanza kutumikia mwaka mzima baharini. Akaenda Manila kujiunga na vijana wanaotumika bure kwenye ofisi za mawakala wa meli, wakingoja kupangiwa safari. Akachemsha kahawa, akaosha gari la meneja, Bi Carmelita, akawa anampeleka mtoto wa bosi huyo shule. Kila nafasi iliyokuja ilikuwa ya injini. Mwenzake Edsel, aliyesomea injini na waliyekuwa wakimtania "panya wa grisi", aliondoka na begi begani.

"Kapteni, nibakizie kahawa!"

Mwaka wa tatu ikaja nafasi ya kujifunza unahodha melini. Akapewa mpwa wa nahodha mmoja. Renante akamfuata meneja mlangoni.

"Bosi, uliniahidi nafasi hii."

"Sasa ukiondoka, mwanangu atapelekwa na nani? Keshakuzoea mno, Renante. Vumilia kidogo." Akamtupia funguo za gari.

Alivumilia mpaka kampuni zikasema umri umempita.

Alirudi nyumbani bila shahada, akafuga nguruwe. Paa la banda lilipovuja, hapakuwa na plastiki nzima ila lile bango. Akalipigilia misumari mwenyewe, picha ikitazama chini.

"Kapteni, tunang'oa nanga lini?" majirani humwuliza wakipita. Hucheka nao.

Nanay Luding haingii bandani. Ndoo ya makombo huiacha nje, akageuka.