Mjafari wa Nakaale

Nakaale alitoka hospitalini Lodwar mwili mzima, moyo umekufa ganzi. Majirani walimsalimu, "Ejok, ejok," akaitikia tu. Kupona kwenyewe hakukumfurahisha.

Asubuhi moja Hodo, mwenye duka Kakuma, alimletea mwanawe anayekohoa. Nakaale akachukua kisu, akaenda kando ya mto mkavu kwenye mjafari wake, mti wa miiba ambao kwao huitwa eusugu. Bibi yake ndiye aliyemwachia dawa hiyo na masharti yake: toa gome upande mmoja tu, lisizidi kiganja, paka kidonda tope, uache mti upumzike mpaka mvua. Tena usimwambie mtu, maana dawa ikitajwa nguvu zake zinakwisha. Hilo la mwisho alilishika kwa ukaidi, hata binti yake mwenyewe alimfungia nje kila alipotwanga dawa.

Alikuta mjafari umevuliwa gome kuuzunguka shina lote. Majani yalishaanza kukauka, na mti wa namna hiyo hauponi. Alingoja hasira, haikuja. Alingoja machozi, nayo wapi! Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bintiye, Amuria, alipomwona tu akajua.

"Ni mimi, Mama. Ulikuwa unakufa. Nilitoa yote ndio upone haraka, nikakuletea wodini kwa chupa ya chai."

"Mti uliujuaje?"

"Nilikufuata siku moja nikiwa mdogo. Mti niliuona, lakini kukata sikuona."

"Hutolewa upande mmoja."

"Sasa ningejua aje, Mama? Ulikuwa unanifungia mlango!"

Nakaale akautazama mlango huo. Kama angefia wodini, masharti ya bibi yangezikwa naye, na Amuria angeua kila mjafari atakaoukuta. Mti mwingine aliojua ulikuwa mmoja tu, nyuma ya kilima. Akaondoka na bintiye, na Hodo akafuata na mtoto mgongoni.

Walipofika alimpa Amuria kisu, akayasema masharti yote kwa sauti, Hodo akisikia. Amuria akakata upande mmoja, kiganja kimoja, akamwagia udongo maji yao ya kunywa ili apate tope.

Nakaale akaokota kipande cha gome. Alikuwa ameitaja dawa mbele ya watu, na aliogopa. Akatafuna yeye kwanza, kabla ya mtoto, aone kama nguvu zimebaki. Ukali ukamchoma ulimi, uleule wa siku zote, na hapo ndipo alipolia.