Karatasi Tupu ya Médiatrice

Saa tatu asubuhi, tarehe ishirini, Soumaya anamimina kopo la maziwa ya unga juu ya meza. Hayatoki maziwa, vinatoka vikaratasi. Kila mhudumu wa ndege ameandika siku anayoomba kupumzika mwezi ujao: ubatizo, harusi, mtoto anafanya mtihani.

Anavikunjua kimoja kimoja. Orlane wa mtaa wa Kinindo anaomba Jumamosi ya harusi ya dada yake. Kinachofuata kina jina tu, Médiatrice, na chini yake hakuna neno.

"Huu ni mwezi wa tatu mfululizo ananipa tupu," anasema. "Angenitukana, ningepona."

Soumaya, mwenye miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, anapanga zamu za wahudumu kumi na watatu katika shirika dogo la ndege jijini Bujumbura. Ukimpa huyu, umemnyima yule. Kazi ya lawama hiyo, asikudanganye mtu!

Zamani siku nzuri zilikuwa za wakongwe na wanaojuana na wakubwa. Yeye akaleta sheria yake: aliyenyimwa mwezi huu ndiye wa kwanza kusikilizwa mwezi ujao. Watu wakaikubali. Hata waliokosa walimsalimia vizuri.

Kisha Médiatrice, wa mtaa wa Ngagara, akaomba Jumamosi moja. Ilikuwa siku ya kuganduka, sherehe ya kumaliza matanga ya mama yake, mwaka mmoja baada ya mazishi. Mwezi uliotangulia alikuwa amenyimwa, kwa hiyo zamu ya kusikilizwa ilikuwa yake. Soumaya akamwandikia mapumziko.

Siku tisa kabla, mkuu wa kazi akapiga simu. Prodige, mhudumu mwingine, mtoto wa rafiki ya mkuu huyo, alikuwa na sherehe Jumamosi hiyohiyo. "Weka mutu mwingine, we ndo unawajua," akasema, akakata.

Soumaya akapitia majina. Kwao Buyenzi, familia ikibanwa na kazi, arobaini husogezwa mpaka Jumapili, hitima inasomwa, pilau inaliwa, na hakuna anayenung'unika. Akamrudisha Médiatrice kazini.

"Mi nilizani ni kama arobaini ya kwetu," anasema, macho yakiwa mezani. "Sikuuliza. Miaka sita niko na hawa watu, na sijui namna wanamaliza matanga yao! Aibu gani hiyo?"

Médiatrice alimfuata ofisini na kadi ya mwaliko mkononi. Jamaa zake wa mkoa wa Ngozi walikuwa wameshakodi gari. "Dada Soumaya, mi ndo kifungua mimba," alimwambia. "Mi ndo nitaongea kwa ajili ya watoto wa mama. Siku ikisha kutangazwa, haivunjwi."

Soumaya alimpigia mkuu mara nne. Hakupokea. Angeweza kulibadilisha jina mwenyewe, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Hakufanya hivyo.

"Niliogopa kazi yangu," anakiri. "Niko na watoto wane. Basi nikamwambia, 'Vumilia tu.'" Lo! Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumamosi ile Médiatrice aligawa vinywaji angani, wakati kule Ngagara mdogo wake akisimama mahali pake na kusoma hotuba aliyoiandika dada yake. Jumatatu alipita ofisini mara moja tu. "Mama hatakufa tena ili unipangie vizuri," alisema. Tangu hapo ni salamu na vikaratasi vitupu.

Sasa Soumaya ana mpango. Kuanzia mwezi ujao ratiba itabandikwa ukutani pamoja na maombi yote, na anayetaka kumfuta mtu ataandika jina lake mwenyewe. Tena, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, naye anajiandikia kikaratasi: Jumapili, kwenda Ngagara.

"Nitamuomba musamaha kwake, mbele ya wadogo zake. Akinifungia mulango, nitakaa pale nje."

Simu inalia. Ni mkuu, anaitaka ile Jumamosi ya Orlane kwa mtu wake. Soumaya anasikiliza hadi mwisho.

"Apana, shefu," anasema. "Kuya uandike mwenyewe, kwa mukono yako, watu waone."

Upande wa pili simu inakatwa. Soumaya anaiweka yake chini. Kisha anavipanga vikaratasi upya, na kile kitupu anakiweka juu ya vyote. Kwa sheria yake, Médiatrice bado ndiye wa kwanza.