Mokhtaria na Nyumba Isiyotaka Chuma

Saa tatu asubuhi, upepo wa mji wa Sebdou, magharibi mwa Algeria, unakata masikio, na Mokhtaria Benhamou amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kamba nyekundu. Mhandisi kutoka Algiers anamjia na haraka zake.

"Mkanda," Mokhtaria anamwambia.

"Si nimeshatoa funguo, mama?"

"Mkanda, saa na hiyo kalamu. Suruali ikianguka ni shauri yako."

Mhandisi anavua huku akinung'unika, kisha anavuka kamba kuelekea nyumba ya mbao iliyopigwa misumari ya shaba. Humo ndimo kinamojaribiwa kipima sumaku, kifaa kidogo kitakachopanda na setilaiti kwenda kupima nguvu ya sumaku ya dunia. Kifaa hicho huhisi hata funguo zilizo mfukoni mwa mtu, ndiyo maana chuma hakiruhusiwi kuvuka kamba.

Mokhtaria naye haruhusiwi. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu, aliyeanza kwa kudarizi magauni ya maharusi mjini Tlemcen, amekuwa akizungusha waya wa shaba mwembamba kuliko unywele kwenye pete za vifaa hivyo, kisha akiingia mwenyewe kuvijaribu. Sasa anapokea mikanda ya watu.

Novemba iliyopita aliteleza kwenye ngazi za jengo lao, ambalo lifti yake ilikufa zamani, akavunjika paja. Hospitalini, bamba la kuungia mfupa lilikuwepo la chuma cha pua tu. La madini ya titani, ambalo kifaa kisingelihisi, lilitakiwa kununuliwa nje kwa dinari laki mbili na arobaini elfu, mshahara wake wa miezi minne. Mumewe, Kouider, alikwenda karakanani anakofanya kazi mkewe kuomba msaada, akaambiwa arudi wiki ijayo. Paja lililovunjika halingojei wiki ijayo, akawekewa la chuma.

"Daktari aliniapia kwamba bamba hilo halishiki sumaku," anasema Mokhtaria. "Sumaku ya kwenye friji, kweli halishiki."

Siku aliyorudi kazini, Bwana Ghaouti, mkuu wa majaribio, alimwomba apite mbele ya kifaa. Mstari kwenye skrini ukapanda. Akarudi nyuma, ukashuka.

"Labda kibanio cha nywele, mama mdogo," alisema Setti, binti ambaye Mokhtaria ndiye alimfundisha kazi.

Wakamkagua mpaka vifungo vya blauzi, na hawakupata kitu.

"Kifaa chenyewe nilikizungushia waya mimi," anasema Mokhtaria. "Kikanichongea mbele ya wote."

Wapo wanaosema ana bahati, kapewa kazi nyepesi. Hao hawajaviona vidole vyake vikizunguka hewani juu ya magoti, bila waya wowote. Inatia uchungu kumtazama.

Mchana makofi yanasikika kutoka nyumba ya mbao. Setti anatoka mbio, anainama na kumkumbatia.

"Kimepita, mama mdogo! Kimepita majaribio yote!"

"Nimesikia. Viziwi ndio hawakusikia."

Kifaa kinatolewa ndani ya sanduku lake, tayari kwa safari. Mikate yenye karantika, unga wa dengu uliookwa, inagawiwa, pilipili ya harisa inawachuruzika watu vidoleni, na mpiga picha anawapanga. Mokhtaria anajikongoja hadi mstari wa mbele. Bwana Ghaouti anakuna kidevu.

"Dada Mokhtaria, samahani. Wewe simama huko nyuma kidogo. Tusibahatishe na kifaa."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye kamba hapo."

Kamba iko mbali. Mpiga picha anajaribu kumwingiza, anarudi kinyumenyume, kisha anakata tamaa na kuwapiga wengine. Picha inapigwa bila yeye, na hiyo ni aibu yetu sote tuliokuwepo, nasi waandishi tukiwemo.

Jioni, nyumbani kwake, Mokhtaria anatueleza mpango wake. Ameomba bamba litolewe Septemba, kabla ya kifaa kingine kuanza kujaribiwa. Daktari amemwonya kwamba mfupa haujaunga sawasawa na unaweza kuvunjika tena. Kouider hataki kusikia.

"Unauza mguu wako kwa pete ya waya," anamwambia. "Wenzio hata picha wamekunyima!"

"Wameninyima wao. Pete haijaninyima kitu, Kouider. Ilisema kweli tu."

"Na ukitoka hospitali kilema?"

"Nitatembea na fimbo," anajibu Mokhtaria. "Ya mbao. Hiyo inaruhusiwa kuingia."